Safari ya Mwisho ya Macho Yangu

Vijana, kila mnapokuja hapa kwangu Machakos kuniuliza ni gari gani zuri la kununua, mimi huwajibu kwa swali: unaona vizuri? Mnacheka. Mnadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Lakini mimi nimeendesha lori la simiti kutoka Athi River hadi Kangundo na Matuu wakati wengi wenu hamjajua hata kutambaa, na kilichonitoa barabarani si injini, si polisi, wala si uzee. Ni macho. Leo hii nikinyoosha mkono mbele yangu siuoni. Haya mnayoyasoma nayasema tu kwa mdomo. Anayeandika ni binti yangu Mwende, na mkiona mahali Kiswahili kimenyooka kupita kiasi, mjue amenirekebisha bila ruhusa.

Nataka kuwaambia habari za macho, na za siku niliyochukua pikapu nikaondoka peke yangu kwenda kuaga barabara na nyota nilipojua kwamba nitapofuka. Nitafika huko polepole. Lori lenye simiti halikimbizwi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Musembi, mtu mwembamba wa Masii aliyevaa kofia ya sufu hata jua likipasua mawe. Tajiri wetu alikuwa Bwana Kimani, mfanyabiashara aliyetoka Murang'a akafungua duka la vifaa vya ujenzi pale Kangundo. Nilipoajiriwa, miaka ya tisini inaanza, nilidhani nitapewa usukani siku ya kwanza, maana leseni ninayo na kifua ninacho. Mzee Musembi akanipa gazeti la zamani. "Safisha kioo," akasema. Nikasafisha nje, kikang'aa. Akaingia ndani, akapitisha kidole kwenye kioo, akanionyesha kidole kimekuwa cheupe.

"Nje huko hata mvua inaweza kuosha," akaniambia. "Ndani ndiko kuko na pumzi yako na vumbi ya simiti. Taa ya mwenzako ikipiga hapo, unaona ukuta. Kioo chafu ndani ni mtoto wa jicho wa gari."

Nilisafisha vioo mpaka nikaanza kuviota. Usukani ulikuja baadaye, na mambo mengine yakaja nao. Ukipigwa na taa kali, usizitazame. Tupa macho kushoto, shika ukingo wa lami, ufuate huo mpaka mwenzako apite. Mteremko uushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Tairi ligonge kwa nyundo kila asubuhi na usikilize, kwa sababu lenye upepo hulia na lililoishiwa hunyamaza. Haya hamtayapata kwenye shule za udereva, huko mnafundishwa kusukuma vigari vya plastiki juu ya meza.

Alinifundisha pia kwamba waipa zikikufia kwenye mvua, unasugua kioo kwa tumbaku na maji yanateleza yenyewe. Zilinifia kweli, mwezi wa kumi na moja, katikati ya milima ya Mua, mvua inamwagwa kwa ndoo. Nikasimama kwenye kibanda cha mama mmoja. Tumbaku ya jani hakuwa nayo, alikuwa na ugoro. Nikasema ugoro si tumbaku tu iliyosagwa? Nikaupaka kioo kizima kwa furaha. Niliporudi ndani na kuteremsha dirisha ili nione vizuri, upepo ukaurudisha wote puani kwangu. Nilipiga chafya kutoka Mua mpaka naingia Kangundo, machozi yananitiririka, na kioo kimekuwa matope. Wapakuzi walidhani nimefiwa. Mzee Musembi alipoelezwa hakucheka kabisa, aliuliza tu kwa upole, "Na lori je, lilipona mafua?"

Huyo mzee alikuwa na mtihani wake wa macho. Hospitali alikuwa haiamini, anasema ubao wa herufi haukimbii na punda hakai ukutani. Mtihani wake ulikuwa kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee wetu walilitazamia msimu wa kulima. Mnaujua usemi: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Wakulima walisoma mvua pale juu. Mzee Musembi alisoma macho ya dereva. Tulikuwa tunaondoka kabla jogoo hajawika ili tuwahi foleni ya kiwandani Athi River, na kabla ya kuwasha injini alizima tochi, akanisimamisha kando ya lori, akasema, "Hesabu."

Mwenye macho mazima huona nyota sita pale, mwenye macho makali huona saba. Ukiona tano, unaendesha lakini unapunguza mwendo. Ukiona kama moshi tu, unampa mwenzako ufunguo na unakaa kando bila kujitetea. Sheria hiyo haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja. Mwezi wa tano, kilimia kinapojificha, alisema mwalimu amekwenda likizo.

Siku moja alinipeleka kule Kituluni, kwenye kile kipande cha barabara mnachokwenda kupigia picha siku hizi. Akasimamisha lori mahali ambapo macho yangu yaliniambia wazi kwamba mbele yetu ni mlima. Akatoa gia, akaachia breki. Lori tupu likaanza kujiendea lenyewe kuelekea juu. Nilishika dashibodi nikaita jina la Yesu. Yeye alikuwa anatafuna mua.

"Umeona? Hapa tunashuka, macho ndiyo yanasema tunapanda," akasema. "Macho ni shahidi tu, si hakimu. Usiyaamini peke yake, hata kama ni yako."

Baadaye nilikuja kuwa dereva kamili, nikawa naenda peke yangu, maana kiwandani kulikuwa na wapakiaji na dukani kulikuwa na wapakuzi. Watu walinihurumia kwa upweke. Hawakujua raha niliyokuwa nayo. Nikishamaliza kupakua Matuu jioni, nilikuwa na mahali pangu kwenye ukingo wa Yatta ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde lote liko chini yako. Nilizima injini, nikazima taa, nikafungua bakuli la muthokoi na chupa ya chai. Upande wa magharibi kilima cha Kilimambogo kinakaa peke yake kama mtu aliyekosana na jamaa zake. Giza likiingia, nyota zinatoka mpaka unashindwa kutofautisha ipi ni ipi. Huyu Zuhura anazama, wale wa msalaba wako kusini, kilimia kiko juu. Nilikula taratibu, nikahesabu zangu saba, nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu yeyote kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mimi kupenda kazi. Mtu angefikiri dereva mzima amerogwa.

Mambo yakabadilika. Viwanda vya nguo vilipoongezeka kule Athi River, taa zao zikawa zinawaka mpaka asubuhi, na mbingu ya pale ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Ukisimama kwenye foleni huoni kitu juu. Halafu zikaja simu za mkononi. Zamani ukishatoka kiwandani, hakuna aliyejua uko wapi mpaka ufike. Sasa Bwana Kimani akawa ananipigia nikiwa Makutano, ananipigia nikiwa Tala: "Nzioka, umefika wapi?" Nikisimama kutazama bonde inabidi nidanganye kwamba nabadilisha tairi. Kwa hesabu ya uongo wangu, lile lori lilipata pancha kila wiki.

Mzee Musembi hakufika kwenye enzi ya simu. Alfajiri moja ya mwezi wa saba, safari ikiwa yetu sote wawili, tulisimama kando ya lori kama kawaida. Kilimia kilikuwa mashariki, wazi kabisa, kila nyota mahali pake. Aliinua uso akakaa hivyo kwa muda mrefu, kofia ikamwanguka, hakuiokota. Kisha akanipa ufunguo. "Leo kuna ukungu," akasema. Hapakuwa na ukungu. Nikaokota kofia, nikamrudishia, nikaendesha mpaka Athi River. Kabla mwaka haujaisha alirudi Masii kufuga mbuzi. Nililia siku alipoondoka, na siwaonei haya kuwaambia.

Na mimi je? Mimi niliendelea kuhesabu saba kila safari, na hapa ndipo pana kosa ambalo ni sisi tu, watu wa Mzee Musembi, tungeweza kulifanya. Mtu aliyehesabu kitu kile kile miaka mingi huacha kukihesabu. Nilikuwa nainua kichwa, nasema "saba" moyoni, naingia ndani. Kilimia nilikijua kilipo kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu, kwa hiyo sikuhitaji kukiona. Nyota ziliniishia moja moja, na mimi naendelea kusema saba.

Aliyeniamsha ni punda. Ilikuwa jioni, natoka Matuu na lori tupu, barabara mbele yangu naiona safi mpaka mwisho. Ghafla nikasikia kishindo cha plastiki upande wa kushoto. Nilisimama, nikashuka. Mitungi ya maji ilikuwa imetawanyika, maji yanakimbia kwenye vumbi, na punda amesimama mzima ananitazama. Mwenye punda, mama wa makamo, alikuwa amejishika kichwa.

"Aiya! Wewe mzee, punda kubwa hivi na huoni?"

"Nimemwona, mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwa heshima.

"Umemwona wapi na umempiga? Ulikuwa unakuja kama mtu hayuko hapa!"

Sikumwona. Hata baada ya kushuka, nilipotazama mbele moja kwa moja, punda alitoweka; nikigeuza kichwa, anarudi. Nilimsaidia yule mama kukusanya mitungi, nikambeba kwa lori na kumrudisha kisimani akachote tena, na njia nzima aliniombea kwa sauti kubwa ili nisikie. Nilipobaki peke yangu nikasimama mahali pangu pa Yatta, nikainua kichwa, na safari hii nikatafuta kwa kweli. Nilizungusha macho mpaka shingo ikauma. Nikapata nyota moja moja hapa na pale, kila moja peke yake kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilimia sikukipata.

Daktari wa macho alikuwa binti mdogo kuliko Mwende. Akaniambia ni presha ya macho, na kwamba imenila kutoka pembeni kuja katikati kwa miaka mingi bila kuniuma.

"Mzee, ni kama mtu anafunga pazia pande zote mbili," akasema. "Dawa itamchelewesha. Lakini pale ameshafunga, hatafungua tena."

"Na lini atamaliza?"

"Sitaki kukudanganya. Si mbali."

Nilimpelekea Bwana Kimani ufunguo wa lori. Aliushika, akaugeuza geuza. "Nzioka, nusu ya nyumba za Kangundo umezibeba wewe mgongoni," akasema. "Niambie unataka nini."

Nikamwambia nataka pikapu yake siku moja, niende peke yangu, nione tena. Alijua si sawa na mimi nilijua si sawa. Ninyi msiniige. Alinipa. Akaniambia nisimrudishie ikiwa na punda ndani.

Mama Mwende, mke wangu, alinifungia chapati kwenye kitambaa. Alinifuata mpaka langoni.

"Wacha niende na wewe," akasema. "Nitakaa tu. Sitaongea."

"Wewe? Tangu lini umekaa bila kuongea?"

Alicheka, lakini mkono ulikuwa bado kwenye mlango wa gari.

"Nataka kuangalia tu," nikamwambia. "Nataka kujaza macho."

"Basi angalia. Lakini rudi."

Ulikuwa mwezi wa kwanza, hewa kavu, maembe yameiva kila mahali. Nilianza na Mua. Niliendesha polepole mpaka baiskeli zikanipita, nageuza kichwa kushoto na kulia kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, kwa sababu kila kitu nilikiona kupitia tundu dogo. Lakini lile tundu lilikuwa safi. Niliona miti ya matunda imepangwa kwenye matuta, na wasichana wanateka maji. Kwenye kona ya juu nilisimama, nikashuka, nikatazama uwanda wa Athi wote, kipande baada ya kipande, mpaka nikaumaliza. Nikapita Kangundo, kwenye mashamba ya kahawa, nikajificha uso nisisalimiwe. Tala nikanywa chai. Kilimambogo nilikizunguka nikakitazama pande zote nilizoweza. Nikavuka kwenda Yatta mchana, na kaskazini, kwa bahati, mawingu yalipasuka nikaona barafu ya mlima Kirinyaga, nyeupe kidogo tu, upana wa kucha. Nilivua kofia. Niliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo Mwende haniruhusu kuitumia hapa nyumbani.

Jioni nikafika mahali pangu, nikazima injini, nikakaa kwenye bampa, nikasubiri nyota. Bonde likawa la buluu, kisha la majivu, kisha likaisha. Nikaendelea kusubiri. Giza likawa giza kweli, na juu hakuna kitu. Nikasema mawingu yamekuja. Nikasubiri yapite.

Mama aliyekuwa akiuza maembe kando ya barabara alikuwa anafunga biashara yake. Alikuja na taa ya mafuta.

"Mzee, gari imeharibika?"

"Hapana. Nangoja mawingu yaondoke nione nyota."

Aliinua uso juu. "Mawingu gani?" akauliza. "Hakuna hata moja. Leo ziko zote."

Nadhani aliniona uso, kwa maana aliweka taa chini na akakaa kwenye bampa kando yangu. Nikamwuliza kama anakijua kilimia. Alisema bibi yake ndiye alikuwa anakijua, yeye anajua kalenda. Nikamweleza: karibu na utosi, kaskazini kidogo, kundi dogo limebanana.

"Kale kama vifaranga vimelaliana?"

"Hako hako. Nielekeze."

Alishika mkono wangu, akanyoosha kidole changu juu, akakisogeza mpaka kikafika. Nilitazama mwisho wa kidole changu kwa nguvu zangu zote. Hapakuwa na kitu.

"Ziko ngapi?" nikamwuliza.

"Sita. Ngoja... hapana, saba."

"Uko na macho ya dereva, mwaitu."

"Mimi? Hata toroli hunishinda." Tukacheka wote wawili, na mimi nikalia nikiwa nacheka. Aliniachia maembe mawili makubwa akaenda zake. Nililala kwenye pikapu, maana usiku sikuweza kuendesha hata hatua moja, na palipopambazuka vizuri nikaanza kurudi.

Mama Mwende alikuwa langoni na leso ile ile ya jana. Nilijua hakulala.

"Umelala wapi?"

"Yatta."

"Ulizipata?"

"Sikuzipata."

Alikuja upande wangu kunipokea, na mimi sikumwona mpaka alipokuwa mbele ya uso wangu kabisa. Nilishtuka. Kisha nikaingiwa na hofu ambayo punda hakunipa wala daktari hakunipa. Nilifumba macho kujaribu. Mua nikaipata, kona zote. Kilimambogo nikakipata. Nilipoutafuta uso wa mke wangu, nilipata msichana wa Kathiani niliyemwoa, aliyebeba kapu la maharagwe. Huyu mama aliyezeeka kando yangu sikuwa naye. Nilikuwa natoka nyumbani kabla jogoo hajawika na kurudi taa zikiwa zimepunguzwa, miaka yote hiyo, na tangi zima la mafuta nilikuwa nimelimaliza jana nikitazama milima.

"Mama Mwende," nikamwambia, "leta kiti ukae hapa kwenye jua."

"Nikae kwa jua nifanye nini? Niko na kazi."

"Kaa tu."

Alikaa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikachuchumaa mbele yake. Tundu la macho yangu lilikuwa linatosha jicho moja, au mdomo, si uso wote, kwa hiyo ilibidi niende kipande kwa kipande. Nilianza na paji la uso. Chini ya ukingo wa leso nikakuta kovu dogo.

"Hii imetoka wapi?"

"Kuni. Niko nayo tangu Mwende akiwa mgongoni."

Sikulijua. Nikashuka kwenye nyusi, ambazo zilikuwa zimeanza mvi. Nikaingia jicho la kulia, nikavuka pua, nikafika jicho la kushoto, na lilikuwa limejaa machozi ingawa mdomo, nilipoufikia, ulikuwa unajizuia kucheka. Nikapita mistari miwili kando ya mdomo mpaka kidevuni. Halafu nikapanda tena juu, kwa sababu yale niliyoyaona mwanzo nilihisi yanaanza kuponyoka. Jirani alipita akatusalimia, hakuna aliyemwitikia.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado," nikamwambia. "Geuka kidogo."